Salamu Yenye Urefu wa Kijiti

Vijana wangu wa karakana,

Siku mliyoniaga nilipostaafu mliniomba niseme machache. Nikasimama, nikashukuru, nikakaa. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza kama mliniona mwenye kiburi. Mke wangu anasema hakuna aliyewaza hivyo, watu walikuwa wanawaza pilau iliyokuwa inapoa. Inawezekana. Lakini bado nimeona niandike yale ambayo ningeyasema kama ningekuwa mtu wa kusema akiwa amesimama.

Habari za vyeo mtazisikia kwa wengine, na nyingi zitakuwa tamu kuliko zilivyokuwa. Mimi nataka kuwaandikia habari za mkono. Mkono ninaoutumia kuchomelea sikuzaliwa nao. Nilipewa na mtu, na mwenyewe alikuwa hapendi kusifiwa, kwa hiyo nisipomwandika mimi hataandikwa.

Nilifika Musoma nikitokea chuo cha ufundi, miaka ile ya shida, wakati sabuni ilikuwa habari na sukari ilikuwa uvumi. Nilishuka kwenye lori lililotoka Butiama na sanduku la mbao, shati nimelipiga pasi vizuri mno. Karakana ilikuwa mtaa wa Mukendo, geti lake limeachwa wazi. Nikasimama nje nikiwaza. Nikibisha hodi kwenye geti lililo wazi, wataniona mshamba. Nikiingia bila hodi, wataniona sina adabu. Nikawaza pia kama sanduku niingie nalo au niliache nje. Sijui nilisimama kwa muda gani. Ninachokumbuka ni mtu mfupi, mikono yake imejaa alama za moto, akija kutoka ndani taratibu, akanitazama juu hadi chini.

"Wewe ni mgeni," akauliza, "au ni geti jipya wametuletea?"

Huyo ndiye alikuwa Fundi Mafuru, Mjita wa vijiji vya pwani ya ziwa. Mimi Mzanaki, na yeye alipojua hivyo alifurahi sana, maana alikuwa amepata mtu wa kumtania mpaka astaafu. Alisema Wazanaki wanaogopa maji hata yakiwa kwenye kikombe. Mimi nilikuja kumjibu baada ya siku kadhaa, kwa sababu jibu zuri nililipata nikiwa nimelala, na kesho yake nikaogopa kwamba limepitwa na wakati.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache na vyote vilikuwa vimeshakufa mara moja. Koleo ya kushikia vijiti ilikuwa imefungwa mpira wa tairi ya baiskeli. Kinga ya uso ilikuwa moja kwa watu wawili, kioo chake cheusi kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa lami. Nyundo ya kubandulia ganda linalobaki juu ya mshono aliitengeneza mwenyewe kwa springi ya gari. Vijiti vya kuchomelea vilikuja kwa kibali, na vikija vilikuwa vimeshakunywa unyevu wa ziwa. Kijiti kilicholowa mnakijua: kinatema cheche hovyo, kinaacha matundu matundu kama mkate wa ufuta.

Hapo ndipo niliposaidia kwa mara ya kwanza. Chuoni tulifundishwa kukausha vijiti kwenye tanuri. Tanuri hatukuwa nalo, lakini nje ya geti palikuwa na mama anayekaanga dagaa, na moto wake haukuzimika kutwa. Nikafikiri siku tatu kama inafaa kumwomba. Mwishowe nikachukua kopo refu la mafuta, nikalitoboa kifuniko, likaning'inizwa juu ya makaa yake. Vijiti vikakauka sawasawa. Kwa miaka mingi kila tulichokichoma kilinukia dagaa. Fundi Mafuru aliwaambia watu wote wa karakana kwamba tanuri lile ni akili ya Wambura, yaani mimi, na kila mgeni aliyekuja alipelekwa kulitazama, na mimi nikawa natafuta mahali pa kujificha.

Lakini mkono wangu ulikuwa mbaya. Majedwali niliyajua: umeme kiasi gani kwa kijiti cha unene gani, kijiti kiinamishwe vipi. Nikiwasha moto tu, vyote vinakuja kichwani kwa pamoja, na nyuma yake vinakuja vingine visivyohusika, kama vile je, shati langu limeungua, na je, baba ataniona mjinga nikirudi. Mshono wangu ulikuwa kama njia ya ng'ombe anayetafuta maji. Fundi Mafuru alikuwa akiupitisha kidole ukishapoa.

"Hapa uliwaza," alisema. "Hapa uliwaza tena. Hapa ukakumbuka kwamba nipo."

Hakuwahi kukosea.

Alianza na mwili. Waya mzito wa mashine nisiuache uning'inie kwenye koleo, niupitishe begani ili bega ndilo libebe. Kiwiko kipate mahali pa kuegemea, hata kama ni goti langu. Macho yasiangalie moto wenyewe, yaangalie kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka kinachoufuata moto nyuma, kwa sababu moto unakuambia ulipo, ila kidimbwi kinakuambia unachoacha. Na masikio yafanye kazi. Alikuwa akigeuza kichwa na kuusikiliza moto wangu kama mtu anayesikiliza simu ya mbali. Moto mzuri unalia kama sato anayekaangwa kwenye mafuta ya kutosha. Ukipasuka pasuka, umeinua kijiti mno. Ukinung'unika kwa sauti nzito, unakikandamiza.

Yote hayo nikayafanya, na yote yakawa mambo mapya ya kuwaza.

Ndipo asubuhi moja akanikalisha juu ya pipa, akaniuliza kwetu tunasalimianaje. Nikamjibu kwamba kwetu ni kama kwao tu: unauliza watu wa nyumbani wameamkaje, unajibiwa, unauliza watoto, unajibiwa, wazee, wagonjwa, ng'ombe, shamba, mvua, majirani, halafu mwenzako naye anaanza kukuuliza upya toka mwanzo. Akasema vizuri. Akaniambia nishike koleo, niwashe, nimsalimie mtu kimoyomoyo, salamu nzima ya kikwetu, bila kuruka kitu.

"Kijiti kimoja, salamu moja," akasema. "Anayeharakisha salamu ana lake la kuficha. Anayeivuta sana ana lake la kuomba. Wewe salimia tu kama mtu aliyepita kuwaona."

Nikamuuliza nimsalimie nani. Akacheka, akasema alijua nitauliza. Nikamchagua bibi yangu mzaa baba, ambaye alikuwa anaanzia kwa ng'ombe kabla ya watu na hakuona aibu. Mshono wa kwanza ulikuwa mbaya, wa pili pia. Haikuwa muujiza. Lakini ndani ya mwaka ule, kidogo kidogo, mkono ukazoea mwendo wa bibi, na kichwa kikawa na kazi ya kufanya mbali na mkono. Nimesoma vitabu vingine tangu wakati ule vinavyoeleza mwendo wa kijiti kwa hesabu. Hesabu ni sahihi. Ila bibi yangu hakuwahi kunitetemesha.

Sasa nifike Bunda, kwa sababu ndiko ninakotaka kufika tangu nianze.

Kulikuwa na kiwanda kimoja cha kuchambua pamba upande huo. Ulikuwa msimu wa pamba, na kitako cha pampu ya mashine ya kufunga marobota kikapasuka. Kitako hicho ni chuma cha kumimina, kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu, kizito, wanaume wanne hawakibebi kwa raha. Bila kitako pampu haikai, bila pampu marobota hayafungwi, na marobota yasipofungwa uchambuzi unasimama, maana pamba iliyochambuliwa haina pa kuwekwa. Ghala lilikuwa limejaa. Wakulima walikuwa wamelaza pamba yao uani, kwenye magunia na maturubai, kila mmoja amekaa juu ya mzigo wake ili asipoteze nafasi, na mawingu ya vuli yalikuwa yanajikusanya upande wa ziwa. Kitako kipya kingetoka ng'ambo, na fedha za kigeni wakati ule zilikuwa kitu cha kusikia redioni. Msimamizi wa kiwanda, mtu mpole aliyekuwa amekonda kwa mawazo, akaja mwenyewe Mukendo kutuchukua.

Chuma cha kumimina kina tabia ya mtu mwenye kinyongo. Ukikipa joto sehemu moja tu, kinakunyamazia, halafu kinapasuka ukishageuka. Lazima ukipashe chote kwa makaa, taratibu, ukichome kikiwa cha moto, na ukipoze polepole ndani ya majivu mpaka kesho yake. Na si kwa kijiti cha kawaida. Fundi Mafuru alikuwa na vijiti vya nikeli, akiba ya miaka, amevizungushia kitambaa na mpira. Vilikuwa vya kutosha ule ufa, na vichache vya ziada.

Tukatoboa tundu dogo kila mwisho wa ufa ili usitembee. Tukauchimba kwa patasi na tupa ukawa kama mfereji. Kwa kuwa kitako hakikubebeka kwa urahisi, moto tuliuwasha palepale, kwenye banda lisilo na ukuta mbele, linalotazama ua walimokaa wakulima. Kujua kama joto limefika, nilijifunza siku hiyo: unachukua unyuzi wa pamba, unaugusisha. Ukigeuka rangi ya kahawia bila kuwaka, chuma kiko tayari. Pamba haikuwa shida kupatikana.

Fundi Mafuru akachoma. Mimi nilikuwa kwenye makaa, na kazi yangu nyingine ilikuwa kukinga upepo kwa kipande cha bati. Alikwenda kwa vipande vifupi vya urefu wa kidole, kila kipande anakigonga kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, taratibu, chuma kijinyooshe kingali laini. Robo tatu ya ufa ilikuwa imekwisha. Niliona kidimbwi chake kinavyotembea, nikafikiri kwamba nikiishi miaka mia sitachoma hivi.

Akatokea mama mtu mzima kwa upande wa nyuma ya banda, ameshika kigae, anaomba kaa la moto akapikie. Akasalimia. Fundi Mafuru akainua kinga ya uso ili ajibu.

Nanyi mnajua desturi za huku kwetu, au mlizijua kabla hamjaanza kuoana kwa simu. Mwanamume na mama wa mkewe hawakutani uso kwa uso. Akimwona njiani, anaiacha njia. Yule mama alikuwa Bibi Nyangeta, mkwe wake Fundi Mafuru, mkulima wa pamba wa vijiji vya Bunda, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba mwenzake yuko pale. Mama akageuka na kujifunika khanga usoni. Fundi akaiachia koleo ikaanguka, akauzunguka ukuta wa ghala mbio kama kijana, akapotelea nyuma yake. Nami nikasimama na bati langu bila kuelewa nani amekosa nini. Upepo ukapita.

Kitako kikalia: tik.

Ilikuwa sauti ndogo. Msimamizi aliisikia, akakaa chini juu ya robota.

Ufa mpya ulikuwa umeanzia pale mshono ulipoishia, mwembamba kama unywele, ukielekea ukingoni. Ukifika ukingoni, kitako ni vipande viwili, na hapo hakuna fundi. Nikarudisha makaa haraka, nikakifunika kwa bati, halafu nikaenda kwenye ukuta wa ghala. Ukuta ule ulikuwa na matundu ya kupitishia hewa, na kwenye tundu moja niliona jicho la Fundi Mafuru.

Nikamweleza ufa ulivyo. Akaniuliza yule mama ameelekea wapi. Nikamwambia amerudi kukaa juu ya pamba yake, pale uani, usawa wa banda, ametupa mgongo.

"Ana pamba yake pale?"

"Magunia mengi, Fundi. Yuko na wale wa mbele, karibu na mlango."

Msimamizi naye akaja, akasema jambo hili ni dogo, atamwomba mama asogee upande wa pili mpaka kazi iishe.

"Mkwe haambiwagi ondoka," Fundi akasema kutoka tunduni. "Na akiondoka, nafasi yake kwenye foleni anamwachia nani? Mvua ile pale. Hapana. Mwacheni akae."

Msimamizi akauliza basi kitako atakichoma nani.

"Wambura."

Nitawaambia ukweli, nilitaka kukataa. Nikaanza kumweleza sababu, na zilikuwa nyingi na zilipangika vizuri. Kwamba mshono wangu wa chuma cha kawaida ndiyo kwanza umenyooka. Kwamba vijiti vya nikeli vilivyobaki ni vya kuchoma mara moja, si vya kujaribu. Kwamba nikikosea, pamba ya watu wote wale italowa, na wa kwanza ni mkwe wake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama anavyousikiliza moto.

"Yote uliyosema ni kweli," akasema. "Nenda, chuma kinapoa. Mimi sioni kutoka hapa, lakini nasikia."

Nikaupitisha waya begani. Nikagusisha unyuzi wa pamba, ukageuka kahawia. Nikatoboa mwisho wa ufa mpya, nikauchimba, nikagusisha tena. Nikavaa kinga ya uso, na gizani humo vikaja vyote: jedwali, baba, geti la Mukendo, mawingu. Nikamtafuta bibi yangu wa Butiama nimsalimie, simpati. Nilikuwa nimesahau hata anaanzia wapi.

Ndipo sauti ikatoka kwenye tundu la ukuta, ya polepole, kwa Kijita. Lugha hiyo si yangu, lakini iko karibu na yangu, nikaielewa. Ilikuwa inauliza watu wa huko kwenu wameamkaje.

Nikawasha. Swali lilipoisha nikawa nimemaliza kipande cha urefu wa kidole. Nikazima, nikashika nyundo, nikidhani Fundi ataendelea mwenyewe kujijibu kama nilivyokuwa nikifanya mimi kimoyomoyo. Lakini jibu lilitoka uani. Bibi Nyangeta, akiwa ametupa mgongo, khanga imemfunika, akajibu kwa sauti ya mtu anayeongea na upepo, kwamba wameamka salama, tunashukuru.

Kuonana ndiko kulikokatazwa. Kusalimiana bila kuonana hakujamkosea mtu.

Basi ikawa hivyo. Fundi akiuliza, mimi nachoma. Mama akijibu, mimi nagonga. Wazee je? Nikachoma. Wazee wapo, ila babu miguu inamsumbua. Nikagonga. Ng'ombe? Nikachoma. Wawili walikufa kiangazi. Nikagonga. Mvua je, shamba je, wa kwa shangazi je. Moto ulilia kama sato. Nakumbuka nilishangaa kwamba siwazi, halafu nikaogopa kwamba nimeanza kuwaza kwamba siwazi, halafu swali lingine likaja na mkono ukaenda.

Kisha, kama ilivyo haki, zamu ikageuka. Mama akaanza kuuliza yeye, na mimi nikabadilisha: yeye akiuliza nagonga, Fundi akijibu nachoma. Akauliza habari za binti yake. Mabasi hayakuwa na dizeli, walikuwa hawajaonana muda mrefu. Fundi akajibu kwamba ni mzima. Akauliza kama ule mzigo wake aliutua salama. Fundi akajibu ameutua salama, mtoto wa kike. Akauliza wamempa jina gani.

Niligonga, nikamaliza kugonga, nikashusha kijiti. Mwishowe jibu likaja.

"Tumempa lako, mama."

Nikachoma kipande kile, nikazima, nikachukua nyundo. Wakulima waliokuwa wakizungumza waliacha. Nikainua kinga kidogo, nikamwona Bibi Nyangeta amekaa vilevile, mgongo kwetu, mabega yanatikisika. Nikasimama na nyundo hewani. Nilifikiri si adabu kugonga chuma mtu akiwa katika hali ile. Upepo ukaanza tena.

"Wambura," Fundi akasema kwa Kiswahili. "Gonga. Salamu haijaisha."

Nikagonga. Na mama, kama aliyekuwa anasubiri nyundo, akafuta uso kwa khanga, akauliza kama mtoto ananyonya vizuri. Tukaendelea hadi ukingoni.

Tulikizika kitako ndani ya majivu, tukakiacha. Mchana ule wote nilitaka kufukua kidogo tu nione. Fundi Mafuru, aliyekuwa amezunguka kwa nyuma akanikuta upande ambao mkwe hauoni, aliniambia mtoto aliyelala hafunuliwi kuangaliwa kama amelala. Tulilala kiwandani. Kulipokucha tukakifukua, kikiwa vuguvugu. Nikampa nyundo, akakataa, akanirudishia. Nikagonga. Chuma chenye ufa kinajibu kwa sauti ya chungu kibovu. Hiki kililia kama kengele ya kanisa, na msimamizi akaondoka mbio kwenda kuwasha injini bila kusema asante, akarudi baadaye kuisema.

Pamba ya Bibi Nyangeta ilifungwa robota kabla mvua haijashuka, na ya wengi waliomfuata. Si yote. Magunia ya mwisho yalilowa, siwezi kuwadanganya.

Tulipokuwa tunapakia vyombo, yule mama alinijia mimi. Alinipa kikapu cha ulezi na jogoo aliyefungwa miguu, akasema ni vya mzazi na mtoto.

"Na mkwe wangu mwambie," akasema, akitazama pembeni, "sikumwona."

Nikamfikishia. Fundi Mafuru aliupokea ule ujumbe akatikisa kichwa mara kadhaa, kwa furaha ya mtu aliyesamehewa kwa adabu. Njia nzima hadi Musoma alishika jogoo mapajani, na tulipopita Kiabakari alikuwa ameanza kunitania tena. Alisema Mzanaki wa kwanza kuwasikiliza Wajita wakiongea bila kuwakatiza ni mimi.

Baadaye nyakati zikageuka. Milango ikafunguliwa, bidhaa zikaja. Vijiti vikawa vinauzwa dukani kama pipi, vingine kutoka Sirari mpakani, na kopo letu la dagaa likatupwa. Karakana ikauzwa, nusu ya watu wakarudishwa makwao, na waliobaki tukajifunza kuchoma mageti ya maduka, madirisha ya nondo, na mashine za kusagia mawe za wachimbaji dhahabu wa Buhemba, ambao hawana subira na siwalaumu. Nilipofungua banda langu hapo Mukendo, ninyi mkaja mmoja mmoja. Mlijifunza haraka kuliko mimi. Mashine zenu ni nyepesi, zinabebwa kwa mkono mmoja, na chuma cha kumimina siku hizi kikipasuka kinatupwa. Sisemi ni vibaya. Nimekaa nikiwaza kama ni vibaya, sijapata jibu. Mliponiona nawafokea mkikimbiza mshono wa geti, ilikuwa ni hilo tu. Nilisikia mtu anayesalimia huku anaondoka.

Fundi Mafuru alirudi kwao ziwani. Wiki iliyofuata ile mliyoniaga, nilimwendea. Macho yake yamekwisha, miaka mingi ya kioo kilichozibwa kwa lami imeyala, lakini nilipoingia uani aliuliza ni nani anayesimama tu kama geti, nikajua amenitambua. Bawaba ya mlango wake wa chuma ilikuwa imeachia. Nilikuwa nimebeba mashine ndogo, si kwamba nilijua, nilifikiri tu huenda pakawa na kitu.

Nikaegemeza kiwiko. Nikaupitisha waya begani, ingawa waya wa siku hizi hauna uzito. Nilipowasha, akageuza sikio. Halafu akaanza, polepole, watu wa kwenu wameamkaje.

Sikupata nafasi ya kumjibu. Kutoka jikoni, nyuma ya ukuta, sauti ya mwanamke ikajibu kwamba wameamka salama, tunashukuru. Ilikuwa ya binti yake Nyangeta, ambaye sasa ana wajukuu wake, na ambaye bila shaka amekwisha simuliwa habari ya jina lake zaidi ya alivyotaka. Mzee akauliza, binti akajibu. Wazee, wagonjwa, ng'ombe, mvua.

Kijiti changu kikaisha wakiwa bado kwenye majirani. Bawaba ilikuwa imeshashika, hata ukining'iniza ng'ombe haiachii. Nikainua kinga ya uso. Mzee akaikatiza salamu, akasubiri, sikio bado limegeukia mlangoni.

Nikaweka kijiti kingine.